Kuni za Piedra Sola

Salmela, Michigan
6 Novemba 1993

Dada Helmi, dereva wa Bibi,

Karatasi hii ikikufikia, ujue imeandikwa na mtu mwenye afya, shibe na mabega mapana, ambaye hakuhitaji kuikimbia baridi kama bata bukini. Mama anakusalimu. Baba naye anakusalimu, ila alikuwa chini ya gari, nilisikia sauti tu. Baba mkubwa, yaani baba yako, alikuja juzi kuazima msumeno, akala chakula chetu, akaondoka bila msumeno. Theluji imeshafika kwenye goti langu. Kwako wewe ingekuwa kiunoni.

Haya, salamu zimekwisha. Tuongee.

Nani alilala chali siku kumi na moja kwenye sakafu ya lile basi la shule tulilogeuza nyumba, akifunga bomba la moshi? Nani aling'oa viti arobaini na vinne, skrubu kwa skrubu, zote zina kutu? Nani alilipaka kijani, maana basi la kuishi haliruhusiwi kubaki na njano ya shule? Mimi na Babu Eino, Mungu amrehemu. Wewe ulifika mara mbili. Mara ya kwanza ulileta mkate wa iliki, sikatai, ulikuwa mtamu. Mara ya pili ukasema ile sauna, chumba cha kujifukiza kwa mvuke tulichokijenga ndani ya basi kwa nyuma, imekula nafasi ya kitanda. Binti wa Kifini kabisa, anasema hivyo!

Babu alipofariki nilijua kila mtu anaelewa ni nani atakayekaa kwenye usukani. Kumbe kukosa leseni ya magari makubwa ni dhambi kuliko wizi. Yule mtahini alikuwa na kinyongo nami tangu asubuhi. Kona zote nilipita. Ile nguzo ndiyo iliyosimama pabaya.

"Helmi ameendesha basi la shule miaka minne," Bibi akasema, "na wewe una mabega ya kushusha theluji paani kwangu." Ndio urithi wangu huo: koleo.

Lakini daftari jekundu la Babu liko kwangu. Lile alimoandika kila mahali pa kukaa safarini, miaka yote aliyozunguka kwenye migodi ya kusini na miaka yote aliyowauliza wenzake. Ukikwama, omba kwa adabu.

Kifua cha Bibi kinaendeleaje? Mwambie paa lake ni safi kama meza ya padri.

Mimi niliyeachwa,
Reino


Quartzsite, Arizona
19 Novemba 1993

Reino wa mabega,

Bibi anakusalimu na anasema vaa soksi mbili. Mimi nakusalimu wewe pamoja na nguzo yako, natumaini haijambo.

Tulikuwa njiani siku sita. Gia ya pili inagoma mpaka ubembeleze. Niliambiwa uliifunga wewe, na kweli ina tabia zako.

Hapa ni jangwa, na jangwa lenyewe limejaa wazee wa kaskazini. Mabasi, malori, nyumba za magurudumu, mamia kwa mamia. Kila mmoja amezungusha mawe kuonyesha uwanja wake, halafu anakaa katikati na kaptura kama mfalme. Mchana tunashinda nje bila koti. Bibi hajakohoa tangu Jumanne. Kama daktari alivyosema: akae penye joto hadi mwezi wa nne, kifua chake hakiwezi baridi nyingine. Mimi nilitaka tuzungushe mawe yetu hapahapa tumalize.

Shida ni Jumamosi, siku ya sauna. Hakuna mti, Reino. Ni miiba na dungusi tu. Kuni zinauzwa kwenye vifurushi vya kuchomea soseji. Bibi alikinyanyua kimoja kwa vidole viwili. "Hizi ni kuni," akauliza, "au ni za kuchokolea meno?" Jumamosi hakujifukiza. Jumapili hakuzungumza.

Nikamwambia, "Bibi, hapa jua lenyewe ni sauna."

"Jua halina mvuke," akanijibu, "na wewe huna adabu."

Sasa anataka penye joto na kuni pamoja. Majirani wanatuona wendawazimu: watu wameikimbia baridi nchi nzima, wamepata joto, sasa wanatafuta moto. Na huwezi kumbadilisha. Miaka sabini na nne hajakosa Jumamosi isipokuwa siku za kujifungua.

Ramani yangu haionyeshi kuni. Nitumie daftari, au ninakilie kurasa za kusini. Naomba kwa adabu, kama ulivyoagiza. Andika kwa posta ya hapa, wanatutunzia. Kupiga simu Bibi hataki, anasema simu ni ya misiba.

Nisisahau: Bibi amenipa ile kofia ya ngozi ya Babu, ya kuendeshea. Inanikaa kama niliumbwa nayo.

Dada yako,
Helmi


Salmela
30 Novemba 1993

Dada Helmi,

Wote hapa ni wazima wa kupindukia. Nimeangusha kulungu dume, pembe nane, kwa risasi moja, kwa upepo wa kando. Baba anadai ni pembe sita na risasi tatu, lakini Baba macho yake yameanza kuchoka. Theluji ni futi nne. Nimeshashusha theluji paani kwa Bibi mara tano, jirani Ketola akasimama barabarani kunitazama akasema hajaona koleo likienda kasi namna ile. Kwa hiyo msitusikitikie. Huku ndiko kwenye maisha. Jangwa ni la mijusi.

Kuhusu kofia. Inakukaa kwa sababu una kichwa kikubwa, si kwa sababu ni yako. Babu alinivika mimi kofia ile, tukiwa wawili ndani ya basi, injini ilipowaka mara ya kwanza. Alisema, "Haya, nahodha." Hukuwepo. Bibi hakuwepo. Kwa hiyo sina shahidi, nimenyamaza.

Daftari halitoki nyumbani humu. Posta ikilipoteza utalipa kwa nini, kwa kofia? Nimekunakilia mahali pamoja tu na panatosha:

"Piedra Sola, New Mexico. Acha barabara kuu, shika njia ya changarawe maili thelathini na moja. Uwanda mpana. Mierezi mikavu imelala chini, unaokota tu, hakuna wa kukukataza. Chemchemi ya maji matamu. Kuni tele."

Maneno ya Babu hayo, mkono wake. New Mexico, dada, pua kwa pua na Mexico yenyewe! Msipopata joto huko mtalipata wapi tena? Msomee Bibi. Na umwambie ni Reino aliyemtafutia kuni, wala si mvaa kofia.

Reino


Quartzsite
9 Desemba 1993

Mdogo wangu,

Nakuandikia injini ikiwa inanguruma. Nilimsomea Bibi ukurasa wa Babu, maana mwandiko macho yake hayaushiki tena, akanisimamisha kwenye "kuni tele" nirudie mara tatu. Alilia kidogo. Kisha akatoka nje na fimbo yake, akawazungukia majirani mmoja mmoja: "Mume wangu aliniandikia mahali. Amekufa, lakini ameniandikia mahali."

Kifua chake ni safi kama filimbi. Ametundika picha ya Babu juu ya kioo cha mbele, atuonyeshe njia.

Naona uliandika kwa hasira, na bado umesaidia. Mimi nisingeweza. Asante, Reino. Andika kwa posta ya mji wa Las Varas, ndio ulio karibu, chini ya huko tuendako.

Helmi


Salmela
15 Desemba 1993

Dada Helmi mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta mko wazima, tena mko hapo mjini, hamjaenda popote. Sisi hatujambo. Mama amepika pasti za nyama na viazi, nikala mbili tu, akanigusa paji la uso.

Nilikuwa nafikiri. Haraka ya nini? Kaeni hapo mjini kwanza. Mji ni mzuri, una maduka. Nilimsikia mtu akisema, simkumbuki ni nani, kwamba huko New Mexico pana pande za juu na pande za chini, na kwamba watu wa kaskazini sote tuna kosa moja: tunatazama kusini kwenye ramani, hatutazami mwinuko. Sikusema Piedra Sola ni juu. Nasema tu, uliza.

Halafu nimeota ndoto. Basi letu limekuwa jeupe. Mimi si mtu wa ndoto, unanijua, lakini hii ilinikaa. Bibi huwa anaziheshimu ndoto. Mwambie Reino ameota, kwa hiyo mrudi kwenye mijusi, na Jumamosi mumnunulie vile vifurushi hata ishirini.

Nijibu upesi. Hata mstari mmoja.

Reino


Salmela
3 Januari 1994

Dada Helmi,

Heri ya mwaka mpya. Sijapata mstari.

Siku ya pili baada ya Krismasi simu ililia. Wote tulisimama kama miti. Baba ndiye aliyeipokea, nikasikia upande wake tu. "Wapi? Lini? Anapumua mwenyewe?" Kisha akasema hospitali, akasema mapafu, akakaa chini kwenye sanduku la kuni. Nilitaka kuchukua simu, akanizuia kwa mkono, na ilipokatika alisema tu, "Wamekwama kwenye theluji. Theluji, huko!" Tangu hapo kila mtu hapa anauliza theluji ilitoka wapi. Wananiuliza na mimi. Nasema sijui, mimi si wa hali ya hewa.

Sijisikii kuandika mambo ya huku. Theluji ya paani nimeishusha. Unisimulie yote, Helmi, hata kama ni mabaya. Barua yangu ya tarehe kumi na tano uliipata?

R.


Parker, Arizona
12 Januari 1994

Reino,

Bibi yuko hai. Naanza na hilo, usije ukaanguka kabla ya kugeuza ukurasa.

Tulifika Piedra Sola tarehe kumi na tatu Desemba. Mchana palikuwa pazuri, jua kali, mierezi imelala kama ulivyonakili. Usiku maji ya ndoo yaliganda. Bibi akasema ni baridi ya ugeni tu, itapita. Jumamosi nilimwashia sauna. Reino, ungemwona alivyotoka: mwekundu kama kamba wa kuchemsha, anaimba wimbo wa kwao, ananiambia, "Babu yako alikuwa mtu wa maana." Nikasahau baridi.

Jumatatu theluji ikaanza. Haikukatika siku nne. Dizeli iliganda kwenye tangi kama samli. Mabomba yakapasuka. Jiko la mbele halikutosha kwa basi zima, hewa ya nje ilipenya kwenye kila dirisha. Bibi akaanza kukohoa, kikohozi kile cha mwaka juzi. Nikambeba nikamwingiza kwenye sauna, nikafunga mlango, na humo ndimo tulimoishi, watu wawili kwenye kabati, nikichochea moto na kuyamwagia maji mawe ya jiko apate mvuke wa kifua. Ninyi mlikijenga chumba kile, nami nilikisema vibaya. Nalirudisha neno langu.

Siku ya Krismasi mfugaji mmoja, bwana Archuleta, aliona moshi akaja na trekta lake. Alitutazama akadhani tumepotea. "Mama," akamwambia Bibi, "hapa ni futi elfu saba na nusu. Ng'ombe wenyewe tunawateremsha mwezi wa kumi. Nani aliwaambia mje?"

"Mume wangu," Bibi akasema.

"Yuko wapi, niseme naye?"

"Amekufa."

"Basi alitaka umfuate."

Alikuwa anatania, Reino. Baadaye alituhangaikia kama mwana, mpaka hospitali. Lakini Bibi lile neno lilimwingia.

Alilazwa siku kumi na moja, homa ya mapafu. Sasa tuko chini kabisa, ukingoni mwa mto, penye joto. Anapumua. Ila ngazi za basi, zile tatu, anapanda moja anapumzika.

Picha ya Babu ameishusha. Ameilaza kifudifudi kwenye droo ya vijiko. Jina lake hataji. Jana nilisikia anaongea peke yake: "Miaka hamsini na mbili nilimfuata. Hajawahi kunipeleka pabaya akiwa hai." Kisha akanigeukia, "Au alikuwa ameshaanza kuchanganyikiwa na sisi hatukuona? Au hakujali?" Anakaa nje mchana kutwa, analitazama jangwa, anamchunguza marehemu mume wake upya, mwaka hadi mwaka, anatafuta alikuwa mtu gani.

Ndoto yako niliikuta posta ya Las Varas tuliposhuka. Ilikuwa imekaa huko tangu kabla ya Krismasi. Nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Daftari liko kwako. Mimi nimeona mistari mitano tu, na najua Babu hakuwa mtu wa kuandika mahali bila kuandika majira. Hata kwenye banda la kuku aliandika tarehe za mayai. Sikuulizi. Lakini sitamwambia chochote kwa niaba yako.

Na nikuambie jambo ambalo sikutaka kuliandika. Siku zile kwenye sauna, joto la homa lilipompanda, alikuwa akiita mtu. Hakuniita mimi. Nilimshika mkono siku nne, nikamlisha theluji iliyoyeyuka kwa kijiko, na yeye akasema, "Reino, mikono yako ina joto." Nikaitika. Nikasema, "Ndiyo, Bibi." Nimekuonea wivu maisha yangu yote, wewe na Babu na basi lenu. Nilidhani nikipewa usukani utakwisha.

Helmi


Salmela
22 Januari 1994

Bibi yangu Lempi,

Shikamoo. Barua hii ni yako, Helmi ni mdomo tu.

Babu hakukosea. Hakuchanganyikiwa, wala hakuacha kukujali. Mimi ndimi niliyekupeleka Piedra Sola. Ukurasa wake una mistari sita, mimi nilinakili mitano. Wa sita niliuona, nikausoma, nikaelewa. Nilikuwa nimekaa mezani kwako, jikoni kwako, baada ya kushusha theluji paani kwako, na mbele yangu kuna barua ya Helmi inayosema umempa kofia. Nikaweka kalamu chini.

Sikutaka uumwe. Nataka uniamini hapo, lakini sina haki ya kudai. Nilitaka mpate baridi kidogo, siku mbili tatu, Helmi ahangaike na gia, na wewe useme, "Laiti Reino angekuwa hapa." Hilo tu ndilo nililokuwa nalitafuta. Sasa Helmi ameniandikia kwamba kwenye homa uliniita. Nimesoma pale nikatoka nje, nikasimama kwenye theluji bila koti mpaka Mama akaja kunivuta.

Niliona aibu kusema mapema, nikasingizia ndoto. Sikuota kitu. Baba na Mama nimewaambia jana. Baba hakunipiga, ingekuwa afadhali. Anasema nilimtia marehemu maneno mdomoni kwa kumtoa maneno, na kwamba hilo hajalisikia kwa watu wetu.

Daftari lote limo kwenye kifurushi hiki. Ni la Helmi kuanzia leo. Ajuaye kusoma mahali na majira ndiye dereva. Kofia ni yake pia, na siandiki hivyo ili nisifiwe. Leseni sijapata, kulungu alikuwa na pembe sita, na risasi zilikuwa tatu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba umtoe Babu kwenye droo. Ukitaka kugeuza mtu uso ukutani, mimi nipo.

Dada Helmi, ukurasa wa Piedra Sola nimeutia alama kwa uzi. Mpe Bibi aushike kwanza, Babu alikandamiza sana kalamu, ataugundua mwandiko wake kwa vidole. Kisha msomee mpaka chini kabisa, hata akikwambia inatosha. Mstari wa mwisho, ule nilioruka mimi, unasema hivi:

"Mwezi wa tano mpaka wa tisa tu. Theluji ikianza, usimlete Lempi huku hata kwa kuni za dunia nzima."

Reino